Arobaini ya Mzazi: Mila Inayolinda na Lawama Inayoumiza

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata kuhusu afya ya akili ya mama mzazi na ukatili wa nyumbani



Mtoto anapozaliwa, mlango wa nyumba haufungwi. Majirani huja na kuni, shangazi huja na khanga, wifi huja na unga wa uji, na kila aingiaye huuliza kwa furaha: mtoto ni wa kike au wa kiume, ana kilo ngapi, amefanana na nani? Maswali hayo ni mema, na ni dalili ya jamii inayothamini uzazi. Hata hivyo, swali moja huulizwa kwa nadra: mama mwenyewe anaendeleaje moyoni?

Mada hii inalihusu swali hilo. Ugonjwa wa akili unaompata mama katika ujauzito na baada ya kujifungua ni maradhi, kama malaria na upungufu wa damu yalivyo maradhi. Mila zina uwezo wa kumwinua mgonjwa huyo, na zina uwezo wa kumzamisha. Pale mila inapompa mzazi mapumziko na watu wa kumhudumia, humlinda. Pale inapougeuza ugonjwa wake kuwa kosa, hufungua njia ya lawama, na lawama mara nyingi hufuatwa na kipigo. Kazi iliyo mbele ya kila kaya ni kuishika ile ya kwanza na kuiacha ile ya pili.

MARADHI YENYEWE

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni hupatwa na tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito ya kudumu. Katika nchi zinazoendelea makadirio hayo hupanda hadi asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Kwa maneno mengine, katika kila akina mama watano waliopanga foleni siku ya chanjo, huenda mmoja wao anaumwa, naye hana jeraha la kumwonyesha mtu.

Wataalamu hutofautisha hali tatu. Ya kwanza ni huzuni ya siku za mwanzo. Huanza kama siku ya tatu baada ya kujifungua. Mama hulia bila sababu anayoweza kuieleza, hukasirika upesi, kisha hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Akina mama wengi huipitia, na tiba yake ni usingizi, chakula na maneno mema.

Ya pili ni sonona. Huzuni haiishi baada ya wiki mbili. Mama hupoteza hamu ya chakula na ya mambo aliyoyapenda, hukosa usingizi hata mtoto anapolala, hujiona hafai kuwa mama, na pengine huwaza kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye. Mwili nao husema: kichwa kizito, moyo kwenda mbio, uchovu usioisha. Ndiyo maana wengine hufika zahanati wakilalamikia kichwa au mgongo, wakapewa dawa za maumivu, wakarudi nyumbani na ugonjwa wao. Katika mazungumzo ya kila siku hali hii huitwa "mawazo", na jina hilo lina hatari yake, kwa kuwa mwenye mawazo huambiwa ayaache tu. Malaria haiachwi kwa kuambiwa. Sonona nayo ni hivyo hivyo.

Ya tatu ni kuchanganyikiwa akili baada ya kujifungua. Ni nadra: humpata mama mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama hukaa macho usiku kucha bila kuonyesha uchovu, husikia sauti wasizozisikia wengine, huamini kwamba mtoto si wake au amebadilishwa, husema maneno yasiyoungana. Hali hii ni dharura kama kutokwa na damu nyingi kulivyo dharura, na haingoji asubuhi. Homa ya uzazi na kifafa cha mimba navyo huweza kuvuruga fahamu, na ni vipimo vya hospitali pekee vinavyoweza kutenganisha kimoja na kingine.

MILA INAYOLINDA

Wazee wa zamani hawakuwa na takwimu hizo, lakini walijua kwamba mwanamke aliyejifungua ni mtu wa kutunzwa. Katika ukanda wa Pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wenye pilipili manga, wala hatumwi kisimani. Katika mila za Wachaga wa Kilimanjaro mzazi alipumzishwa takribani miezi mitatu, akilishwa mtori, nyama na maziwa, na siku ya kutoka alipita sokoni akipewa heshima ya mtu aliyerudi vitani. Makabila mengine yana taratibu zao, lakini maana yake ni moja: mkono mmoja haulei mwana.

Taratibu hizi zina hekima ambayo sayansi ya leo inaithibitisha. Kukosa usingizi, kukosa msaada na kukaa peke yake ni miongoni mwa mambo yanayomsogeza mama karibu na sonona. Arobaini iliyofanywa kwa ukamilifu huyaondoa yote matatu kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba katika kaya nyingi arobaini imebaki sherehe. Vijana wameondoka vijijini na kupanga chumba kimoja mjini au kwenye senta ya biashara. Mama mzazi wa mwanamke yuko mbali, nauli ni ghali, na mume anatoka alfajiri kwenda kutafuta riziki. Mzazi wa siku tano anafua nepi, anateka maji, anapika na kunyonyesha, wote hao akiwa mtu mmoja. Siku ya arobaini inapofika hupatikana pilau na maturubai, ilhali siku thelathini na tisa zilizotangulia hakupatikana mtu wa kumpokea mtoto ili mama alale saa mbili.

Lipo pia jambo la pili, ambalo familia zinazoishika mila hii kwa bidii zinapaswa kulizingatia. Utaratibu wa Wizara ya Afya unamtaka mama aliyejifungua aonwe na mhudumu wa afya ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Mahudhurio matatu ya kwanza yanaangukia ndani ya siku arobaini. Wiki mbili za hatari ya kuchanganyikiwa akili nazo zinaangukia humo humo. Mama anapozuiwa kabisa kutoka, hata kwenda kliniki, mila iliyokusudiwa kumlinda inageuka pazia la kumficha. Mzazi anaweza kufunikwa vizuri, akasindikizwa kliniki na kurudi ndani. Arobaini yake haijavunjika. Na pale asipoweza kutoka, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuombwa afike nyumbani.

UGONJWA UNAPOGEUZWA KUWA KOSA

Sehemu ngumu ya mada hii ni lawama. Katika jamii nyingi za Tanzania, mtoto anapokonda, anapoharisha mara kwa mara au anapochelewa kutembea, husemwa kwamba "amebemendwa". Maana yake ni kwamba wazazi wamerudiana mapema kabla ya mtoto kuacha kunyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mila hii ilikuwa na faida yake zamani: iliwafanya wazazi wapishanishe uzazi, na mama akapata muda wa kurudisha nguvu. Lakini leo imekuwa mashtaka. Mtoto anayekonda huwa na upungufu wa lishe, minyoo, kifua kikuu, maambukizi ya VVU au ugonjwa mwingine unaopimika na kutibika. Badala ya kupimwa mtoto, anahojiwa mama.

Fikirieni hali ya mama mwenye sonona katika nyumba ya namna hiyo. Ugonjwa wenyewe umekwisha kumwambia kwamba hafai. Maziwa yanapungua kwa sababu hali, halali na hana raha. Mtoto analia, uzito wake hauongezeki. Mama mkwe ananong'ona, jirani anaangalia pembeni, na usiku mume anauliza, "Ulikuwa na nani?" Swali hilo halina jibu linaloweza kuaminiwa. Akikana, ni mwongo, akilia, amekiri, akinyamaza, ana kiburi. Katika nyumba nyingi kipigo huanzia hapo. Asubuhi yake mama hathubutu kumpeleka mtoto kliniki, kwa kuwa anaogopa kuchekwa mbele ya watu, na mtoto anazidi kudhoofu.

Jambo hili halipo Tanzania pekee. Katika miaka ya 1970 daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza, John Cox, alifanya utafiti miongoni mwa wajawazito na wazazi wa Buganda, nchini Uganda. Alikuta tayari lugha ya Kiganda ina jina la ugonjwa wa akili wa mzazi: amakiro. Wenyeji waliutambua vema ugonjwa huo. Walijua kwamba humpata mwanamke baada ya kujifungua, kwamba akili yake huchanganyikiwa, na kwamba anaweza hata kutaka kumdhuru mtoto wake. Lakini chanzo walichokitaja kilikuwa uzinzi wakati wa ujauzito. Macho ya jamii yaliona sawasawa. Maelezo yaliyotolewa ndiyo yaliyompa mgonjwa hukumu mahali pa matibabu.

Cox alirejea Uingereza, na mwaka 1987 yeye na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walichapisha maswali 10 mafupi ya kumpima mama mzazi, yanayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Maswali hayo humuuliza mama kuhusu siku saba zilizopita: kama ameweza kucheka, kama amejilaumu pasipo sababu, kama huzuni imemnyima usingizi, kama amewaza kujidhuru. Leo yanatumika katika nchi nyingi duniani, na yametumiwa na watafiti Tanzania kwa Kiswahili. Hayaulizi nani alilala na nani. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuonyesha njia: mgonjwa huulizwa dalili, haulizwi dhambi.

Lawama ina sura nyingine pia. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa kwamba ameshindwa kuzaa. Aliyezaa watoto wa kike watupu huhesabiwa kuwa hajazaa, ingawa elimu ya viumbe inafundisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto. Binti aliyepata mimba akiwa shuleni hufichwa chumba cha nyuma kama aibu ya ukoo, naye ndiye mwenye kuhitaji msaada kuliko wote. Tangu Novemba 2021 waraka wa elimu unamruhusu kurudi shule baada ya kujifungua, na kumnyima nafasi hiyo ni kumwongezea mzigo. Aliyepoteza mtoto huambiwa asilie sana kwa kuwa atapata mwingine. Kila neno la namna hiyo huongeza jiwe juu ya kifua cha mtu ambaye tayari hawezi kupumua.

MAHALI SONONA NA KIPIGO VINAPOKUTANA

Uhusiano kati ya ukatili wa nyumbani na ugonjwa wa akili wa mama umepimwa hapa hapa nchini. Katika utafiti uliofanyika Moshi, zaidi ya wanawake 1,000 walifuatiliwa tangu ujauzito hadi baada ya kujifungua. Takribani asilimia 12 kati yao walikuwa na dalili za sonona, na wale waliofanyiwa ukatili na wenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa takribani mara tatu zaidi wa kuipata. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha zaidi ya wajawazito 1,100 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ulikuta kwamba zaidi ya robo yao walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili au wa kingono, na kwamba hao ndio walioonyesha zaidi dalili za hofu na sonona.

Kwa hiyo mambo haya mawili huzungukana. Kipigo huzaa ugonjwa. Ugonjwa humfanya mama ashindwe kupika kwa wakati, asahau, anyamaze, akatae tendo la ndoa. Na hayo yote husomwa kuwa dharau, kisha huleta kipigo kingine. Mtoto aliye tumboni au mgongoni haepuki mzunguko huo. Ukatili wakati wa ujauzito unahusishwa na mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito pungufu, na sonona ya mama huathiri unyonyeshaji na makuzi.

Kinachoudumisha mzunguko huu ni mafunzo ya muda mrefu. Binti anapoolewa huambiwa ndoa ni uvumilivu. Akirudi kwao na jicho lililovimba huulizwa alifanya nini. Wazee wakikaa kusuluhisha, hukumu ya kawaida ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mahari nayo, ambayo asili yake ni shukrani na kiungo cha koo mbili, hutafsiriwa na baadhi ya watu kuwa bei ya kununulia. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16, asilimia 58 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, zikiwamo kuunguza chakula, kubishana naye au kutowajali watoto. Miongoni mwa wanaume waliokubali ni asilimia 40. Takwimu hiyo inapaswa kusomwa mara mbili: wanawake walioona kipigo kuwa haki walikuwa wengi kwa uwiano kuliko wanaume. Mtu akifundishwa tangu utotoni kwamba maumivu yake ni stahili yake, hataita msaada.

Hata hivyo, mafunzo yanaweza kubadilika. Katika utafiti huo wa 2015/16, asilimia 40 ya wanawake walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Katika utafiti wa mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa asilimia 27. Bado ni zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne. Na mjini Kampala, mpango uitwao SASA! uliwatumia wakazi wa kawaida kuzungumza na majirani zao kuhusu nguvu na heshima katika ndoa. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba ukatili wa kimwili wa wenzi katika mwaka uliotangulia ulikuwa pungufu kwa asilimia 52 katika maeneo yaliyofikiwa na mpango huo, yakilinganishwa na maeneo ambayo hayakufikiwa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa majirani wakizungumza na majirani.

BABA NAYE NI MTU

Haitakuwa haki kulizungumza jambo hili kama kwamba baba ni mshtakiwa tu. Mwanamume naye hulelewa na mila. Huambiwa mwanamume halii, hataji shida zake, haingii jikoni, hashiki mtoto mchanga mbele ya watu. Mtoto anapozaliwa, gharama huongezeka, usingizi hupungua, mke hana muda naye, na hana mahali pa kuyasema hayo ila kilabuni. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliojumlisha tafiti 43 kutoka nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba takribani baba mmoja kati ya kumi hupatwa na sonona katika kipindi cha ujauzito wa mwenzi wake na mwaka wa kwanza wa mtoto. Kwa mwanamume, sonona mara nyingi huvaa nguo ya hasira na pombe.

Kulifahamu hilo hakuhalalishi kipigo. Linaonyesha tu kwamba baba anayehisi kifua kimejaa ana mahali pa kwenda kabla mkono haujainuka, na mahali hapo ni zahanati ile ile anayokwenda mkewe. Baba anayemsindikiza mke kliniki, anayebeba mtoto usiku mama apate kulala, anayemjibu mama mkwe kwa adabu kwamba mkewe ni mgonjwa na si mvivu, hapungukiwi uanaume. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya malipo isiyopungua siku tatu mtoto anapozaliwa. Siku hizo zikitumika nyumbani zina thamani kubwa.

KUHUSU MAJINI NA MAOMBI

Mama anaposikia sauti au kuzungumza peke yake, wengi huwaza majini, mapepo au mkono wa jirani. Hakuna anayezuiwa kusali, kusomewa dua au kuombewa. Imani humpa mgonjwa nguvu na humkumbusha kwamba hajaachwa. Lakini sala na dawa havigombani. Mgonjwa aombewe akiwa njiani kwenda hospitali, na aombewe akiwa wodini. Kumfunga kamba, kumchapa ili "kitoke", kumnyima chakula au kumtenganisha na mtoto kwa vitisho ni ukatili, hata ukifanywa kwa nia njema na watu wanaoheshimika. Viongozi wa dini na waganga wa tiba asili wana nafasi kubwa hapa: wao ndio wa kwanza kumwona mgonjwa, na neno lao moja la "mpelekeni hospitali" huokoa nafsi mbili.

SHERIA INAVYOSEMA

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kumpiga. Tamko hilo lina zaidi ya miaka hamsini. Mahari haikilegezi kifungu hicho, wala desturi ya kabila lolote.

Kanuni ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 199, inatambua kwamba mama anaweza kusababisha kifo cha mtoto wake mwenye umri wa chini ya miezi 12 akiwa katika hali ambayo akili yake haijatengemaa kutokana na athari za kujifungua au kunyonyesha. Katika hali hiyo sheria hailihesabu kosa lake kuwa mauaji ya kukusudia. Watunga sheria waliona kwamba uzazi unaweza kuivuruga akili. Inasikitisha kwamba jambo hilo linajulikana zaidi mahakamani kuliko majumbani, kwa maana linapofika mahakamani mtoto amekwisha kufa. Mahali pa kulijua ni nyumbani, wiki ya pili, mama anapoanza kusema maneno yasiyoungana.

HATUA ZA KUCHUKUA

Mama anapoona huzuni imezidi wiki mbili, aseme kliniki, hata kama amekuja kwa ajili ya chanjo ya mtoto tu. Mahudhurio ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni nafasi nzuri, kwa kuwa mama yupo mbele ya mhudumu. Si lazima atafute maneno makubwa, inatosha kusema, "Sina raha, silali, najiona sifai."

Familia imwulize mzazi kuhusu hali yake kila siku, na kumpa usingizi wa saa kadhaa mfululizo kwa kumpokea mtoto. Akitaja kujiua au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja, asikemewe, apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja.

Tiba ipo. Sonona ya kiasi hupungua kwa mazungumzo ya utaratibu na msaada wa nyumbani. Ile nzito ina dawa, na zipo dawa ambazo mama anaweza kutumia huku ananyonyesha kwa usimamizi wa daktari. Nchini Pakistan, katika vijiji vya Rawalpindi, wahudumu wa afya wa jamii waliofundishwa kuzungumza na akina mama wenye sonona waliwatembelea nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita ni asilimia 23 tu ya akina mama hao waliokuwa bado wanaumwa, wakati kwa wale wa kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 53. Wahudumu hao hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa vijiji vile vile.

Penye kipigo, taarifa ipelekwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Maendeleo ya Jamii, Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Aliyeumizwa huhitaji fomu ya polisi PF3 kwa ajili ya ushahidi, lakini mwenye majeraha ya hatari huanza kutibiwa kwanza. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, huduma za polisi, tiba na ushauri hupatikana mahali pamoja. Mtoto anapokuwa hatarini, simu namba 116 hupigwa bila malipo; kwa dharura ya polisi ni 112.

Wazee wa usuluhishi wanaombwa wabadili swali la kwanza. Shauri la ndoa linapoletwa na mke ana mimba au ananyonyesha, kabla ya kuuliza nani amekosa, waulize kama mama amepimwa. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za vijiji na kata ziliundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka 2017/18, na mashauri ya namna hii ni sehemu ya wajibu wao.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na walisema pia kwamba mficha uchi hazai. Maumivu ya nyumbani hujulikana kwanza na walio ndani, na hao ndio wenye funguo za kuyatoa nje. Mila ya arobaini ni hazina. Irudishwe nyumbani kwa siku zake zote arobaini, ikiwa na uji, maji ya moto, usingizi na njia ya kwenda kliniki. Lawama ya kubemenda, kipigo kinachoitwa mafunzo, na ukimya unaoitwa uvumilivu, vyote hivyo viachwe. Mama aliyepona hulea, na baba aliyetulia huheshimiwa na wanawe.